Nilichagua Katamarani Mara Mbili

Katamarani yangu ya kwanza niliinunua nikiwa na miaka 66, na niliinunua vibaya. Chombo chenyewe hakikuwa na kasoro. Kilikuwa kizima, chepesi, na kikishika upepo kilikata maji hadi moyo unadunda. Kosa lilikuwa langu. Nilikaa majuma mengi nikipima kasi yake, ukubwa wa matanga na urefu wa mlingoti, nisijiulize hata mara moja itakuwaje siku kitakaponipindua nami niko peke yangu. Nawaandikia wenzangu wa rika langu ambao bahari haijawatoka moyoni, na ambao sasa wanavitazama vyombo vya mitumbwi miwili wakisema, kama nilivyosema mimi, kwamba hapo ndipo penye nafuu ya uzee. Nafuu ipo kweli. Ila haiji na kila chombo.

Kwa miaka 38 nilikuwa mtu wa mashua ndogo za mwili mmoja, zile ambazo mizani yake ni baharia mwenyewe. Upepo ukizidi unatoa makalio nje ya ubavu, miguu umeibana kwenye mkanda, tumbo limekaza, unakaa hivyo mpaka mapaja yanatetemeka. Ukitaka kugeuza unainama chini ya boriti ya tanga, unahamia upande wa pili, unashika kana ya usukani kwa mkono mwingine, unatoka tena nje. Nilipofika miaka 60 goti la kulia likaanza kusagika. Miaka minne baadaye nilikuwa nageuza chombo kwa kuhesabu: moja nainama, mbili navuta mguu, tatu nakaa. Upepo haungoji hesabu. Msimu mmoja boriti ilinipata kisogoni mara mbili, kwa kuwa kichwa kilijua la kufanya lakini mgongo ulichelewa.

Rafiki yangu mmoja, naye mtu mzima, akaniambia nihamie kwenye katamarani. Hoja yake ilikuwa fupi na ya kweli. Mashua husimama kwa uzito, ama wa mkuku ulio chini yake, ama wa farumi, yaani mzigo wa kukitulizia chombo, ama wako wewe unayening'inia; katamarani husimama kwa upana. Mitumbwi miwili myembamba imeachanishwa kwa mita mbili na ushee, imeunganishwa kwa mihimili ya alumini, katikati limekazwa turubai, nawe unakaa juu yake kama uliyekaa mkekani. Hata jina lina asili hiyo ya kuunganisha: limetoka kwenye Kitamil, kattumaram, yaani miti iliyofungwa pamoja. Nilipanda ya kwake siku ya upepo mwanana, nikanyoosha goti, nikahisi chombo kimetulia chini yangu kama sakafu. Niliposhuka nilikuwa nimekwisha amua.

Laiti siku ile mtu angeniketisha akanieleza utulivu ule ni wa namna gani.

Mashua ya mwili mmoja hulalamika mapema. Upepo ukiongezeka inalala kidogo, ukizidi inalala zaidi, maji yanaukaribia ukingo, na kwa kila hatua mwili wako unapata habari. Katamarani haisemi. Inakaa sawa kama meza huku mtumbwi wa upande wa joshi, unakotoka upepo, ukipungukiwa uzito kidogo kidogo, nawe huoni kitu. Ukishaona mwanya wa mwanga kati ya mtumbwi huo na maji, jua kwamba nguvu yake ya kujisimamisha imekwisha fika kileleni. Kuanzia hapo, kadiri unavyoinuka ndivyo nguvu hiyo inavyopungua. Na upepo nao una hesabu yake. Nguvu yake juu ya tanga hufuata mraba wa kasi: upepo wa kilomita 20 kwa saa ukifika kilomita 28, tanga linabeba karibu mara mbili. Kijana mwenye viungo vizima hujirusha nje huku akilegeza demani, ile kamba ya kuvuta na kulegeza tanga, kwa wakati mmoja. Mimi sikuwa na cha kurusha, nilikuwa na demani tu. Siku ile demani ikakwama.

Ilikuwa asubuhi ya mawimbi madogo na upepo wa kubembeleza. Chombo kilikuwa cha futi 16, matanga mawili, mlingoti wa mita nane. Demani nilikuwa nimeibana kwenye meno yake, yale meno mawili ya chuma yanayouma kamba isirudi. Ukiwa umekaa vizuri unaikung'uta kamba kidogo, inaachia. Mimi nilikuwa nimejiegemeza ubavu kwa ajili ya goti, kwa hiyo upepo wa ghafla ulipokuja niliivuta kwa pembe isiyofaa, tena kwa vidole ambavyo asubuhi huwa vizito. Mara ya kwanza haikutoka. Mara ya pili nilikuwa tayari nayatazama maji kutoka juu.

Kupinduka kwenyewe hakukuuma. Nilianguka ndani ya tanga, nikajitoa chini yake, nikashika mtumbwi. Nilijua la kufanya, nimewafundisha wengine. Nikaziachia demani zote mbili ili matanga yasishike maji wala upepo. Nikaogelea hadi mbele, nikaning'inia hapo mpaka omo, yaani pua za mitumbwi, zikageukia upepo. Nikaitoa kamba ya kuinulia, nikairusha juu ya mtumbwi wa juu, nikajikokota hadi nikasimama juu ya ule wa chini, nikaegemea nyuma. Mlingoti ukainuka shibri moja kutoka majini. Ukasimama hapo. Nikaegemea zaidi, mikono imenyooka, mgongo karibu unagusa maji. Shibri ile ile.

Nina kilo 74. Chombo kile kilikuwa na zaidi ya kilo 140, na kinapolala ubavu, mlingoti, nyaya na matanga yaliyolowa vyote viko mbali upande wa pili, vinavuta chini. Anayeegemea ndiye jiwe la mizani. Wanaoviendesha vyombo hivyo wawili wawili hawaligundui jambo hili, kwa sababu uzito wa watu wawili unatosha bila kufikiri. Mtu mmoja wa kilo zangu hatoshi, awe na miaka 20 au 66. Misuli haisaidii sana. Ni kilo zinazohesabiwa. Lakini kijana ana kitu kimoja nilichokikosa: akishindwa mara ya kwanza, anaweza kujaribu tena mara kumi. Mimi nilijaribu mara nne. Ya nne niliteleza, na nilipotaka kupanda tena juu ya mtumbwi wa chini, mikono ilikataa.

Kijana mmoja aliyekuwa kwenye mashua ya injini aliniona. Nilisikia sauti yake kabla sijamwona: "Mzee, usihangaike tena! Shikilia hapo hapo, nakuja." Akaruka majini, tukaegemea wawili, chombo kikasimama kana kwamba hakijawahi kuwa na ubishi. Nikadhani yamekwisha. Ndipo nilipokwenda kupanda. Mhimili wa nyuma ulikuwa usawa wa kifua changu, na jaketi okozi langu lilikuwa la aina inayojijaza hewa yenyewe ikiingia majini. Lilikuwa limekwisha jaa, limesimama mbele yangu kama mto, na kila nilipojivuta lilikwama kwenye mhimili. Miguu haikuwa na pa kukanyaga. Kijana akapanda yeye, akanishika mikanda ya mabega, akanivuta hadi juu ya turubai. Nikalala kifudifudi pale nikipumua.

"Pole, mzee wangu," akasema. "Uko na nani?"

"Niko peke yangu."

Hakuniuliza zaidi, akakaa nami mpaka nchi kavu.

Jioni ile binti yangu aliiona michubuko ya mikononi, akataka nimweleze yote, nikamweleza. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa upole, "Baba, chombo hiki ulimnunulia nani?" Sikumjibu. Usiku nilipolala niliona kwamba nilimnunulia mtu aliyekuwa mimi nikiwa na miaka 40. Mtu yule angekifurahia sana.

Nilikiuza kwa vijana wawili ndugu, kilo zao wakijumlishwa karibu 150, na hadi leo wanakipeleka vizuri. Kisha nikaanza upya, na safari hii nilianzia mwisho. Kila chombo kilichokuja mbele yangu sikukiendesha kwanza. Nilikipindua kwanza. Niliwaomba wenye vyombo waniruhusu, nikamwomba rafiki yangu asimame karibu na mimi kwenye maji ya kifuani, siku isiyo na mawimbi, tukakilaza chombo ubavu. Yeye alikatazwa kugusa. Mimi nilitakiwa nikisimamishe peke yangu, halafu nikipande peke yangu bila kugusa chini, nikiwa nimevaa kila kitu ninachovaa nikienda mbali. Nisipoweza hapo, penye utulivu na rafiki kando, nitawezaje huko nje?

Wenye vyombo wengine walishangaa. Mnunuzi anayetaka kupindua kabla ya kutweka tanga si jambo wanaloliona kila siku. Lakini hakuna hata mmoja aliyenikatalia nilipokwisha eleza.

Nilianza na Dart 18, aliyoichora Rodney March miaka ya 1970, na bado naipenda. Haina boriti chini ya tanga hata kidogo. Tanga linaishia hewani, kichwa chako kiko salama, na baada ya kisogo changu kugongwa mara mbili, hilo lilikuwa jambo kubwa. Ina urefu wa mita 5.5 na kilo 130 hivi. Niliisimamisha jaribio la tatu. Nilipokwisha kuisimamisha nilikuwa sina pumzi ya kuipanda, na hilo ni jibu.

Hobie 16 sikuijaribu, kwa sababu vipimo vyake nilivijua: mita 5.05, kilo 145, mlingoti wa mita nane, chombo kilichokusudiwa watu wawili tangu kilipochorwa. Mwenye mwenzi wa kudumu wa kwenda naye asiiogope. Ni chombo kilichoenea dunia nzima na vipuri vyake havina shida. Mimi mwenzi wa kudumu sina. Mke wangu anaipenda bahari akiwa nchi kavu, na rafiki yangu ana yake.

Hobie Getaway ilinivuta kwa upande mwingine. Ni ndefu sawa na ile ya 16, lakini mitumbwi yake ni ya plastiki nene iliyomiminwa, na kando kando zinawekwa viti vilivyoinuka, unakaa magoti yamepinda kama kwenye benchi badala ya kukaa miguu imenyooka. Usidharau hilo. Kwenye turubai tambarare unaokoa goti lisiinamishwe, lakini unahama kwa kutambaa, na kutambaa nako kuna malipo yake. Nilikaa kwenye viti vile nikatamani nisishuke. Ila ina kilo 177. Sikuiinua hata shibri.

Ya mwisho ilikuwa Hobie Wave, fupi kuliko zote: mita 3.96, upana mita 2.13, mlingoti mita 6.1, tanga moja tu la mita za mraba karibu 9, kilo 111. Mitumbwi ya plastiki, usukani unaoinuka wenyewe ukigusa mchanga, hakuna tanga la mbele wala mbao za kushusha chini. Rafiki yangu aliniambia kabla hatujaanza, "Hiki ni chombo cha watoto." Tukakilaza. Nikapanda juu ya mtumbwi wa chini, nikaegemea, nikaanza kuhesabu. Nilipofika kumi na moja mlingoti uling'oka majini, tanga likachuruzika maji, kikasimama. Nikapanda kwa tezi, yaani nyuma, kwa shida, lakini nikapanda. Nikarudia mara tatu siku ile. Rafiki yangu hakusema tena neno watoto.

Ndicho nilichokinunua. Kina polepole yake, na nasema hivyo bila uchungu: siku ya upepo mwembamba vijana wananipita wakinipungia mkono. Tangu mwanzo watu wameipenda katamarani kwa mbio. Mwaka 1876 Nathanael Herreshoff wa Marekani alikuja na ya kwake, Amaryllis, akaziacha mashua zote kwenye mashindano, na matokeo yake vyombo vya aina hiyo vikazuiwa kushindana nazo. Kwa hiyo anayekuuzia ataanza na kasi, na jirani yako ataanza na kasi. Usiwakasirikie. Sikiliza, kisha waombe mkilaze ubavu.

Wapo watakaouliza kwa nini mzee asichukue katamarani yenye vyumba, akalala ndani, akapika chai. Nilizitazama. Mwingereza James Wharram alivuka Atlantiki kwa safari aliyoianza mwaka 1955 na katamarani aliyoijenga mwenyewe, urefu wake mita saba tu na kidogo, na michoro yake ya baadaye, kama Tiki 21 ambayo mihimili yake inafungwa kwa kamba badala ya bolti, bado inajengwa na watu nyumbani kwao. Ni vyombo vya heshima. Lakini ukubwa huo ukipinduka hausimamishwi na mtu, uwe na kilo 70 au 170, kwa hiyo swali langu halina kazi kwake. Kinga yake ni kupunguza tanga mapema na kutokubali kamwe kufika huko. Pia vinahitaji nanga, maegesho, na mtu wa kuvitazama usiku. Mimi nataka saa tatu za asubuhi na kurudi nyumbani. Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Kwenye katamarani ndogo ngama ya kurejea, lile tumbo la ndani la chombo, haipo: kuna turubai, maji chini yake, na wewe juu. Lazima ukubali kulowa, na ukubali kwamba baridi ya maji inamchosha mzee haraka kuliko anavyodhani. Navaa suti ya mpira hata siku ambazo vijana wako vifua wazi.

Kwa anayekwenda kununua kilichotumika, neno moja juu ya mikono. Tumia vidole kuliko macho. Kwenye mitumbwi ya faibaglasi, piga magoti kama unaweza, weka dole gumba juu ya sitaha, hasa mbele ya mhimili wa mbele ambapo mawimbi hupiga, ukandamize kwa nguvu. Pazima panakukatalia kama jiwe. Palipooza panabonyea kidogo, halafu panarudi na kamlio kadogo kama kifuniko cha kopo. Maana yake tabaka za faibaglasi zimeachana na kilichomo katikati yake, na rangi mpya juu yake haitakuambia. Gonga kwa kifundo cha kidole ukisogea polepole: mlio mkavu, mkavu, mkavu, halafu ghafla mlio uliokufa. Rudi hapo. Kwenye plastiki, geuza chombo utazame tumbo la mitumbwi linapoburuzwa mchangani, kwa kuwa plastiki hiyo haishiki gundi kirahisi na ufa wake huhitaji kuchomelewa. Nyaya za mlingoti pitisha kitambaa; uzi mmoja wa kitambaa ukinaswa, kuna uzi wa chuma uliokatika, badilisha nyaya zote bila kujadiliana. Na baada ya kukiendesha, fungua vizibo vya nyuma uone kinachotoka. Kikombe cha maji si habari, ndoo ni habari.

Chombo nilichonunua sikukiacha kilivyokuja. Kileleni mwa mlingoti nimefunga boya, ili kikilala kisiendelee kugeuka kichwa chini. Demani nimebadilisha: kamba nene ya milimita 10, inayojaa kiganjani, pamoja na glavu. Mtu alinishauri niongeze makapi, yale magurudumu madogo inamopita kamba, yatoke manne yawe sita, ili kuvuta kuwe kwepesi. Nilijaribu nikayaondoa. Kuvuta kulikuwa kwepesi kweli, lakini kamba nayo ilikuwa ndefu zaidi, na nilipoiachia ilipita polepole kwenye makapi yote yale kabla tanga halijafunguka. Kwangu mimi kuachia ni muhimu kuliko kuvuta. Na nikiwa peke yangu demani siibani kwenye meno kamwe. Naishika. Nikianguka, tanga linalegea lenyewe na chombo hakiendi mbali nami.

Kupanda kulinichukua muda mrefu zaidi kukutengeneza. Kwanza nilifunga kitanzi kimoja kirefu cha kamba kwenye mhimili wa nyuma, nikidhani ndiyo ngazi. Nilipokikanyaga kilikimbilia chini ya turubai, mguu ukaenda nacho, nikabaki nimelala chali majini naitazama mbingu. Sasa ni vitanzi viwili vifupi, ndani ya kila kimoja nimepitisha kipande cha bomba la plastiki kiwe kigumu kama kipago cha ngazi, kimoja shibri mbili chini ya kingine, vyote upande wa kushoto karibu na mtumbwi ambapo havina nafasi ya kukimbia. Mguu wa kushoto, ule mzima, unaanza chini. Wa kulia unapumzika tu kwenye cha juu. Kisha kuna kamba yenye mafundo juu ya turubai ya kujivutia. Jaketi la kujijaza hewa niliachana nalo. Navaa la povu, jembamba kifuani, ambalo halibadiliki umbo likilowa.

Nchi kavu nako kuna kazi. Kilo 111 mchangani si mchezo, hivyo magurudumu mapana yaliyojaa upepo ni ya lazima, na uyaweke chini ya pale chombo kinapojipima sawa, si nyuma zaidi. Mlingoti siushushi ila msimu ukiisha, na sishushi peke yangu. Kabla ya kuusimamisha tunatazama juu sote wawili, kwa sauti: kuna nyaya za umeme? Marekani watu wamewahi kuuawa na mlingoti wa alumini uliogusa nyaya, hadi vilele vya milingoti ya baadhi ya katamarani vikaanza kutengenezwa kwa kitu kisichopitisha umeme.

Kuiendesha kulinidai unyenyekevu mpya. Chombo chepesi chenye mitumbwi miwili hakipendi kugeuka usoni mwa upepo. Hakina uzito wa kukisukuma kipite, kinasimama katikati na kuanza kurudi nyuma. Miezi ya kwanza nilibishana nacho. Siku hizi nikibisha, yaani nikienda kinyume cha upepo kwa kupinda huku na huku, naingia kwenye zamu nikiwa na mwendo, nasukuma kana taratibu bila kuipiga, na kikisimama nalisukuma tanga kwa mkono upande mmoja, nageuza kana kinyume, nakiacha kirudi nyuma kwa raha yake. Omo zinazunguka. Hakuna haraka, na goti linapata muda wa kuhama.

Sasa nina miaka 70. Kila msimu unapoanza, kabla ya safari yoyote, tunarudia jaribio lile lile kwenye maji ya kifuani. Binti yangu ndiye anayesimama karibu siku hizi, na yeye pia amekatazwa kugusa. Mwaka wa kwanza nilihesabu hadi kumi na moja. Mwaka huu mlingoti uling'oka nilipofika kumi na tisa, na sina uhakika sikuwa nahesabu haraka. Nimenunua mfuko wa maji wa lita 20 wa kuning'iniza kwenye kamba ya kuinulia; ukishatoka majini umejaa ni kilo 20 zaidi upande wangu. Mfuko huo tutaujaribu Jumamosi. Binti yangu amesema nikimaliza mimi, ataegemea yeye, nami nikae majini niushike mtumbwi na kumwambia lini aanze.